Mwaka Usioelezwa wa Muuguzi Emiliana

Jumatatu, 6 Machi 2006

Nimefika ofisini kabla ya Daktari, kama kawaida. Nimefungua madirisha, nimepanga upya majalada ya waombaji. Mvua imeanza. Barabara ya kushuka Magara inasemekana ni tope tupu.

Nafasi iliyo wazi ni moja: muuguzi mkunga. Waombaji waliobaki ni wawili. Bi. Consolata wa Babati, na Bi. Emiliana aliyeolewa kijiji cha Nambis, karibu na hapa. Usaili ni keshokutwa.

Daktari Massawe alifungua zahanati hii hapa Mbulu miaka ya tisini, Serikali iliporuhusu tena madaktari kutibu kibinafsi. Kwa miaka yote hiyo aliajiri watu kwa kuwatazama usoni. Mwaka jana mtunza dawa wake alikamatwa mnadani akiuza dawa za zahanati juu ya turubai, kati ya vitunguu na kandambili. Ndiyo sababu mimi nipo hapa. Ofisa Utumishi wa kwanza wa zahanati hii, mwenye shahada, niliye bado katika muda wa matazamio.

Leo Daktari amesema, bila kuinua macho: "Faustini, huyu ukimkosea, mtaondoka wawili."

Hakuwa anatania. Sitamkosea.

Jumatano, 8 Machi

Usaili umefanyika. Nimeridhika na utaratibu, si na matokeo.

Bi. Consolata alijibu kila swali vizuri. Vyeti halisi, leseni hai, wadhamini watatu. Bi. Emiliana naye ana vyeti halisi. Wakati wa usaili alikuja mama mjamzito, na Daktari akamtaka Emiliana ampapase tumbo. Akasema mtoto amekaa matako chini. Daktari akapima mwenyewe, akakubali, akaniangalia kana kwamba kazi yangu imekwisha.

Haijaisha. Katika historia yake ya kazi kuna pengo. Mwaka mmoja hivi, kati ya kuacha kazi katika zahanati moja ya binafsi huko Hirbadaw, wilayani Hanang, na kuanza vibarua vya chanjo hapa Mbulu.

Nilimwuliza alikuwa wapi.

"Nilikuwa nyumbani."

Nikamwuliza alikuwa akifanya nini nyumbani.

"Nilikuwa nyumbani, Bwana Ofisa."

Sauti haikubadilika. Mikono iliingia ndani ya kitenge. Mama Safari, mhudumu wetu wa miaka yote, alikuwa akipanga vikombe pembeni. Akaacha kuvipanga, akatoka nje.

Daktari anamtaka Emiliana. Mimi ninamshuku. Mtu asiye na la kuficha husema aliuguza mama mkwe, au alilima vitunguu swaumu. Husema chochote.

Ijumaa, 10 Machi

Babati. Nimekwenda na kurudi kwa basi lililokwama mara mbili mlimani. Suti imeharibika.

Nilitaka kuona kumbukumbu za ajira za Emiliana katika ofisi ya mkoa. Karani alipekua kabati, akasema jalada halipo. Kabla ya Mkoa wa Manyara kuundwa, majalada yote yalikuwa Arusha. Yalipohamishwa, mengine hayakufika. "Labda lipo Arusha," akasema. Akawapigia wa Arusha. Wao wakasema lipo Babati.

Inawezekana ni uzembe tu. Inawezekana pia kwamba mtu aliliondoa. Kwa nini la kwake halipo, na la Consolata lipo?

Sijamwambia Daktari. Nataka kumpelekea jambo lililokamilika.

Jumatatu, 13 Machi

Nimelipata.

Nilimpata kwa simu ya mkononi mganga mfawidhi wa ile zahanati ya Hirbadaw. Ilibidi apande kichuguu ili asikike. Si mtu wa huku. Anasema anatoka pwani. Nilimwuliza kuhusu Emiliana.

"Huyo aliondoka bila kuaga. Jumatatu hayupo, Jumanne hayupo. Mimi nikaandika utoro kazini."

Nikamwuliza kama kuna dawa zilizopungua.

"Dawa? Zilipungua, ndiyo. Sana."

Kisha mtandao ukakatika. Sikuhitaji zaidi. Utoro, dawa, mwaka mzima wa kimya. Ni yule wa mnadani tena, safari hii kwa gauni jeupe.

Nilifurahi. Nataja hili kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Nilifurahi sana.

Jumatano, 15 Machi

Nambis. Uhakiki wa makazi, ili ripoti isiwe na tundu.

Nilianzia kwenye mashine ya kusaga kwa kuwa ndipo penye watu. Wanawake walikuwa kwenye foleni na ndoo zao za mahindi. Nilijitambulisha kwa cheo. Niliongea Kiswahili, si Kiiraqw chetu, ili ionekane ni shughuli rasmi. Niliamkia wakubwa ipasavyo. Kisha nikauliza, kwa sauti ya kuwafikia wote, nani anamfahamu Emiliana, mke wa Paskali, na alikuwa wapi mwaka ule baada ya kurudi kutoka Hanang.

Mashine ilikuwa imezimwa kidogo kubadilisha mkanda.

Mama mmoja mrefu mwenye kilemba cha kijani akasema: "Alikuwepo."

"Mlikuwa mnaonana naye?"

"Hapana."

"Yupo, na hamwonani?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Akanitazama kuanzia viatu. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikasema mimi ni wa kijiji cha Daudi.

"Mtoto wa Daudi," akawaambia wenzake. "Na anauliza."

Hakuna aliyecheka. Msichana mmoja aliangalia chini, mwingine akasogeza ndoo yake mbali na ndoo iliyokuwa karibu na mlango. Baadaye ndipo nilipojua kuwa ndoo ile ilikuwa ya wifi yake Emiliana.

Niliuliza pia nyumba mbili za jirani. Mzee mmoja alijibu kwamba mambo hayo yamekwisha, akafunga mlango. Mama mmoja alisema hawezi kutaja. Hawezi kutaja nini? Mahali gani mtu huwapo mwaka mzima, watu wote wakijua, na hakuna anayemtembelea wala kupataja?

Jela. Sioni jibu lingine.

Ijumaa, 17 Machi

Polisi wanasema hawana kumbukumbu yoyote ya Emiliana. Aliyenijibu alijibu haraka mno. Huenda wana undugu.

Nimewasilisha ripoti. Nimependekeza mwombaji akataliwe kwa kukosa uaminifu, na Bi. Consolata aajiriwe. Lugha nimeichunga: "kuna sababu za msingi za kuamini." Daktari alisoma yote akiwa amesimama. Akavua miwani.

"Mikono yake ni mizuri," akasema.

"Ndiyo, Daktari."

"Haya. Jumatatu mwandikie barua ya kumkatalia."

Akasema pia kwamba ripoti imeandikwa vizuri. Maneno hayo niliyangoja tangu Desemba. Nilipoyasikia hayakuwa na uzito niliotarajia.

Mama Safari hanisemeshi. Jioni nilimwamkia kama kawaida. "Marahaba," akasema, akaendelea kupiga deki hadi kwenye viatu vyangu. Nikasogea. Akasema: "Ungeniuliza mimi."

Nikamweleza kuwa kumwuliza mtumishi kuhusu mwombaji ni kinyume cha utaratibu.

"Mashine ya kusaga ndiyo utaratibu?"

Habari zimemfikia. Ninamshuku naye. Huenda ana mtu wake anayemtaka.

Jumapili, 19 Machi

Nimekuja nyumbani Daudi. Nimeandika haya nikiwa nimeketi nyuma ya zizi. Mama yuko ndani na bado amekasirika.

Nilimsimulia habari ya kazi yangu baada ya misa, tukimenya viazi. Nilitaka asikie jinsi mwanawe anavyofanya kazi. Nilipofika kwenye mashine ya kusaga, akaweka kisu chini.

"Ulimwulizia mbele ya watu?"

"Nilikuwa nakusanya taarifa, mama."

"Kwa Kiswahili?"

"Ndiyo."

"Kama mtoza ushuru," akasema. "Baba, huyo dada alikuwa na mtoto?"

Nikasema sijui. Halikuwa mojawapo ya maswali yangu.

Akanieleza kama mtu anayemweleza mgeni. Mama anayefiwa na mtoto ambaye bado ananyonya hukaa kando. Hapiti kwenye mashamba ya watu, hateki maji penye watu, hapokei mgeni, hagusi mtoto wa mwenzake, hadi wakati utimie na wazee wamtoe. Ni metimani. Watu huogopa kwamba msiba utawafuata kwao. Na ukishaisha, umeisha. Hautajwi tena, kwa sababu kuutaja ni kuuita urudi.

Neno nililijua. Nani wa huku asilijue? Lakini nilipelekwa seminari nikiwa mdogo, na hapa nyumbani tuliliacha zamani. Nilidhani lilizikwa na babu zetu. Sikudhani kabisa kwamba lingemkuta mtu mwenye leseni ya uuguzi.

"Huyo mama yake Paskali, wa Nambis, namfahamu," mama akasema. "Ni wa kushika mambo ya zamani huyo. Mkristo, lakini ni wa kushika. Mtoto wa mwanawe alifia Hanang, wakaja kuzika huku. Basi, yule dada angesema nini mbele ya daktari wako wa Kichaga? Na wanaume wawili mezani?"

Nikasema angeweza kueleza kwa ufupi.

"Kwa ufupi," mama akasema, akachukua kisu, akamenya viazi vyote vilivyobaki bila kunipa hata kimoja.

Nimeona aibu. Lakini pia, lazima nikiri, bado ninashuku. Mtoto kufa hakuzuii dawa kuibiwa. Mambo hayo ni mawili.

Jumatatu, 20 Machi

Sikuandika barua ya kumkatalia. Nilimpigia tena yule mfawidhi wa Hirbadaw. Safari hii niliuliza kwa mpangilio. Emiliana aliondoka lini? Kabla ya mvua za masika. Kuna chochote kilichotokea nyumbani kwake wiki ile? Ndiyo, mtoto wake alikuwa mgonjwa. Alisikia baadaye kuwa alifariki. Na dawa zilipungua lini?

"Ah, hizo ni wakati wa mavuno. Tulimkamata mtunza stoo. Hata pikipiki alinunua."

"Emiliana alikuwa ameshaondoka?"

"Ameondoka zamani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe uliniuliza kama dawa zilipungua. Zilipungua."

Nimefundishwa kuuliza maswali kwa miaka mitatu. Swali lile lilikuwa na jibu tumboni tayari.

Nikaenda kwa Daktari, nikamwomba aniruhusu kuiondoa ripoti. Nilieleza yote. Nilitegemea hasira. Akamwita Mama Safari.

"Mama, mimi ni mtu wa kuja," akasema. "Nikimweka Emiliana chumba cha kujifungulia, akina mama watakubali awaguse?"

Mama Safari aliegemeza fagio lake ukutani.

"Mwezi uliopita wangekubali. Ilikuwa imeisha. Alichanja watoto kijiji kizima, nani alisema neno? Sasa imetajwa mashineni, mbele ya watu, na mtu wa ofisi. Sasa sijui."

Hakunitazama. Ingekuwa afadhali angenitazama.

Daktari amenipa wiki moja. Jumatatu ijayo atamwuliza tena Mama Safari. Mama Safari akisema watu wanakubali, Emiliana anaanza kazi. Vinginevyo ni Consolata. "Sina nafasi ya mkunga anayekimbiwa," akasema. Kuhusu mimi hakusema kitu.

Jumatano, 22 Machi

Nimekwenda kwa Emiliana. Sikupitia mashineni.

Alikuwa akipalilia maharage na mama mkwe wake. Niliamkia kwa Kiiraqw. Mama mkwe aliitikia, akachukua jembe lake, akahamia mwisho wa shamba. Nilisimama kwenye mpaka. Emiliana alikuja hadi mpakani, hakunikaribisha ndani.

Nilieleza kosa langu lote, pamoja na jela. Pale penye jela aliinua uso.

"Jela ya wapi?"

"Sikufika huko katika kufikiri."

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Kisha akaniambia kilichotokea tangu siku ile. Wifi yake sasa hupishwa kwenye foleni ya mashine. "Si kwa heshima," akasema. Mtoto wa jirani aliyekuwa akija kucheza hapa haji tena. Jumapili kanisani benchi lao lilikuwa na nafasi kubwa upande mmoja.

"Wazee walinitoa," akasema. "Ilikuwa mbele ya watu wote. Ilikwisha. Mwanangu alikuwa na miezi saba, Bwana Ofisa, na nilikaa ndani ya hiyo nyumba, ikaisha. Wewe umekuja na kalamu."

Nikasema nitaandika barua rasmi ya zahanati, iliyogongwa muhuri, inayothibitisha kuwa hana kosa. Ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji.

"Nani ataisoma? Mashine?"

Nikamwuliza basi nifanye nini.

Aliangalia barabara. Nyumba yao iko kwenye njia ya kanisani. Watu wote wa upande huu hupita hapo.

"Jumapili baada ya misa uje. Ukae hapa nje, si ndani. Nitapika. Utakula kwenye sahani yangu, na utakunywa kikombe changu, watu wakipita. Uliuliza mbele ya watu, ule mbele ya watu."

Nikasema ndiyo. Nilisema haraka. Nikiwa njiani nikaanza kujishuku: je, nimekubali kwa kuwa ni haki, au kwa kuwa nataka kuthibitishwa kazini?

Jumamosi, 25 Machi

Mama amesema hanikatazi. Akaongeza kwamba hata yeye, pamoja na ubatizo wake wote, asingekwenda. Kisha akaninyooshea shati.

Ninaogopa. Nimejaribu kujipa hoja. Hakuna vijidudu vya huzuni. Muda wake ulitimia. Mimi si mzazi, sina mtoto wa kumpelekea msiba. Hoja zote ni nzuri na ninaogopa vilevile. Nilipita shule nyingi kuja kujua kuwa hofu hii iko ndani yangu, nzima, haijaguswa.

Nashuku pia kwamba hakuna atakayeingia. Nitakula peke yangu kama mgonjwa, wao watapita, na Jumatatu Mama Safari atatikisa kichwa. Na nitakuwa nimemwanika zaidi mbele ya kila mtu.

Jumapili, 26 Machi

Jua baada ya mvua. Nilifika kabla misa haijaisha.

Emiliana alikuwa ameweka meza ndogo uani, karibu kabisa na njia. Makande na maziwa mgando. Mume wake Paskali alinisalimia, akaketi pembeni. Mama mkwe alibaki mlangoni.

Watu walianza kupita. Wa kwanza walikuwa wanaume. Walisalimia, hawakupunguza mwendo. Emiliana alijipakulia sahani, akala vijiko viwili, akanisogezea ileile. Mkono wangu ulikawia. Aliona. Sidhani kuna aliyeko njiani ambaye hakuona. Kisha nikala. Makande yalikuwa ya moto na chumvi ilikuwa kidogo. Akanywa maziwa, akanipa kikombe, nikanywa.

Wanawake wawili walipita wakitazama upande wa pili. Kisha kundi zima, nalo likapita. Nilitafuna bila kuonja. Emiliana alikuwa ameshikilia kingo za meza.

Yule mama mrefu wa mashineni alikuja na kilemba kilekile. Akasimama.

"Mtoto wa Daudi," akasema kwa Kiiraqw. "Leo huulizi?"

"Leo nakula, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wanakupa mshahara wa kula?"

"Bado hawajanithibitisha."

"Naona kwa nini," akasema. Akabaki amesimama, mkoba mkononi, akitazama sahani. Hakuingia. Hakuondoka pia.

Nyuma yake alikuja Mama Safari. Sikujua kuwa husali upande huu. Nadhani leo amekuja kwa makusudi. Alitutazama sote, bila haraka. Akavua kandambili zake zenye tope mpakani, akaingia uani miguu mitupu, akaketi kwenye kigoda kilichokuwa karibu na Emiliana.

"Nimetembea sana," akasema. "Kuna mabaki?"

Emiliana alijaribu kwenda kuleta sahani nyingine. Mama Safari akamshika mkono, akavuta sahani ileile, akala. Alikula polepole, hadi mwisho.

Mama mrefu akasema huyo amezoea kumaliza vya watu. Kisha naye akaingia. Akauliza kama maziwa yamebaki.

Hakuna mwingine aliyeingia. Wengi walipita. Baadhi yao walisalimia kwa jina la Emiliana, baadhi hawakusalimia. Mama mkwe alitoka mlangoni, akaleta kigoda cha tatu na kukiweka uani, kisha akakaa juu yake yeye mwenyewe.

Tulipoagana, Mama Safari alimwambia Emiliana kuwa ufunguo wa chumba cha kujifungulia ni mgumu. Kesho aje mapema, atamwonyesha jinsi ya kuuzungusha.

Emiliana alisema atakuja. Kisha aliingia ndani na vyombo, na tulimsikia akiviosha.